Saladi Zilizokosa Maji

Shikamoo dada Zaina,

Huku Dodoma joto linapasua midomo. Tunalima saladi ndani ya ghala, chini ya taa, bila udongo. Mizizi inanywa kwenye mabomba. Tunalinganisha aina tatu, na zote zikifa bosi anafunga mradi.

Jana mchana umeme ulikatika, pampu ikanyamaza. Saladi nyekundu ililegea kwanza, ya duara ikafuata. Mama Neema, mwenzangu wa kazi, akapiga kelele, “Lete ndoo, mizizi inakauka!” Tukaimwagia maji kwa vikombe katika giza la ghala.

Umeme uliporudi, ya majani marefu tu ndiyo ilikuwa imesimama. Bosi akaingia, akachuma jani, akalitafuna.

“Tunaendelea na hii,” akasema.

Nililia, dada. Nibusie wanao.

Mdogo wako,
Hadija