Mlango Bila Kitasa

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi. Mwaka na nusu nimegonga milango ya watu na habari njema, leo nimefika kwetu — nikavuruga mambo pale pale kizingitini! Mama alinikumbatia mpaka begi likaanguka. Redio (mdogo wangu, hajanyamaza tangu azaliwe) alikuwa analia, anacheka na kunipiga picha, vyote kwa pamoja. Baba akatoka karakana, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Na mimi nikafanya nini? Nikampa mkono. Ule mkono wa kazini, na tabasamu lake. Nikasema: "Shikamoo baba. Tunashukuru sana kwa kutupa muda wako."

Tunashukuru! Mimi na nani?

Baba akauangalia mkono. "Marahaba. Karibu, mgeni." Akarudi kwenye randa yake.

Mgeni. Chakula cha jioni nimekula nusu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka alfajiri, nikaoga, nikavaa sketi ndefu na viatu vya kutembelea. Kisha nikakaa kitandani. Hakuna ratiba. Hakuna mtaa unaonisubiri. Huko misheni tulikuwa wawili wawili, ndiyo sheria — hata dukani huendi bila mwenzako. Mwenzangu tulimwita Mama Ratiba, alinichosha mpaka nikawa naomba Mungu anipe subira. Leo namkumbuka! Nimesimama getini nikingoja mtu wa kwenda naye kununua chumvi. Redio kaniona. Kasema dada, nenda tu, chumvi haing'ati.

Chumba changu bado kina pazia badala ya mlango. Nyumba ya fundi milango hii! Mama anasema kazi za wateja haziishi.

Baba anakula, anaondoka. Siku naaga kwenda misheni aliniambia: "Mimi natengeneza milango, wewe unaenda kuigonga. Msasa atapiga nani?" Nilicheka. Tangu nikiwa sekondari msasa na vanishi vilikuwa vyangu. Sasa nadhani hakuwa anatania.

Alhamisi, 6 Machi

Mchungaji alikuja. Kanimwagia sifa mbele ya wazazi mpaka nikatamani kujificha chini ya meza. Halafu ndipo likaja lenyewe: kikundi kingine kinaondoka mwezi ujao, wanataka dada mzoefu wa kukiongoza. Jibu alitaka kabla ya ibada ya Jumapili. Atanipigia.

Nilifurahi. Niseme tu, hapa nani anasoma? Nilifurahi kama mwanafunzi aliyeruhusiwa kutoka darasani. Huko najua nivae nini, niseme nini, nigonge wapi. Hapa hata pa kuweka mikono sijui.

Baba akanyanyuka, eti gundi yake inakauka. Mama akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vina chai.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeenda karakana. Nimegonga kwa wenye mbwa wakali, kwa walevi, kwa bibi mmoja aliyetumwagia maji ya vyombo. Sikuwahi kusita. Leo, kwa baba yangu mzazi, nimezunguka karakana mara mbili kabla ya kugonga!

Nikagonga mara tatu, nikarudi nyuma hatua moja. Baba akachungulia. "Mbona umesimama huko kama mdai?"

Nikamweleza ndivyo tulivyofundishwa. Unagonga mara tatu, unarudi nyuma, mwenye nyumba asione umemsonga. Awe huru kufungua au kutofungua.

Akaguna. "Na asipofungua?"

"Tunaenda mlango wa pili."

"Basi tu? Mnaenda?"

Nikajifanya napangusa vumbi kwenye sketi.

Nyuma ya mbao nimeona mlango umeegemezwa ukutani. Kazi nzuri, ila mbao bado hazijaguswa na msasa, vumbi tele. Nikauliza ni wa mteja gani. Randa ikanijibu: shraa, shraa. Mama ndiye aliyenitobolea siri jikoni. Ni wa chumba changu. Baba aliuunda mwezi ule ule nilioondoka. Kila akiambiwa aufunge chumbani, anasema mpiga msasa hayupo.

Nilikuwa nakata vitunguu. Nikalia vizuri tu, hakuna aliyeuliza.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi nimevaa gauni chakavu, nikachukua msasa bila kuomba. Baba akaendelea na randa. Baadaye kidogo akanisogezea kiti.

Mchana tumeuleta ndani. Mimi nashikilia, yeye anafunga bawaba. "Inua. Shusha. Shusha, siyo kudondosha! Wewe, huko ulikuwa unashika Biblia tu?" Ndiyo mara ya kwanza kunigombeza tangu nirudi. Raha niliyosikia! Mgeni hagombezwi.

Ukakaa. Unafunguka bila kelele. Vanishi bado, na pa kitasa kuna tundu tupu. Baba akaliangalia tundu, hakuniangalia mimi.

"Kitasa nitie, au nisijisumbue?"

Milangoni kwa watu nilikuwa na majibu ya kila swali. Hapo nikaokota msasa, nikalainisha pembe iliyokwisha kulainika. Na simu nayo ikaanza kutetemeka kitandani — mchungaji. Baba akaliona jina. Akasema nijifungie nijibu simu kwa nafasi, yeye ana kazi nje. Akauvuta mlango taratibu.

Sijapokea. Imekata, imeanza tena. Naandika nimekaa sakafuni, nauangalia mlango. Nataka kwenda. Nataka kubaki. Nataka mtu wa kuniambia ratiba! Mama Ratiba angesema tuombe kwanza. Nimeomba. Bado nimekaa hapa hapa.

Kazi gani hiyo ya nje? Mbona hajatoka hata koridoni? Namsikia anapumua.

Anagonga! Mara tatu, polepole. Na sasa viatu — hatua moja nyuma. Jamani, baba!

"Hodi, mwenye chumba!"

Kupitia tundu naona suruali yake ya kazi, na mkononi boksi la kitasa. Halijafunguliwa, linangoja jibu langu. Simu nayo inatetemeka tu —