Chai ya Karanga Imenirudishia Maziwa

Majengo, Mpanda
Masika, mvua bado inapiga

Mayu, mama yangu,

Mwangaluka, mayu. Najua Holo atakusomea barua hii jioni ukishakamua, kwa hiyo pokea salamu za asubuhi na za jioni kwa pamoja. Goti lako linasemaje na baridi hii? Baba kikohozi kimemwachia? Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa au bado anatutania? Sisi huku ni wazima. Baba Mabula anashinda Mwamkulu kwenye mashine ya kukoboa mpunga, anarudi mweupe kwa pumba mpaka nyusi, tunacheka, anaoga, tunakula. Mungu anatusaidia.

Holo mdogo wangu, soma polepole. Ukifika mahali pa aibu usiruke wala usicheke, msomee Mayu yote. Nimeandika kwa sababu simu ni ya Baba mdogo, na Baba mdogo akipokea simu lazima aweke spika, kijiji kizima kinajibu. Haya ninayotaka kusema si ya spika.

Mayu, Baba mdogo aliponipigia juzi alipiga kelele kwa furaha: "Mwanao ameshasahau ziwa! Halii tena, na bibi yake anamwita Mayu!" Nikasikia watu nyuma wanashangilia. Kisha nikakusikia wewe kwa mbali: "Mwambie amwache huku mpaka aanze shule. Mjini watamlisha nini?" Nikasema nitafikiri. Barua hii ndiyo kufikiri kwenyewe.

Tulikubaliana mimi na wewe Mabula akae kwako mpaka asahau kunyonya, barabara ikikauka nije kumchukua. Nilimwachisha mapema, najua. Uliniambia, "Limi, huyu bado mdogo," nami nikakujibu kazi haisubiri. Ukanyamaza, ukampokea mgongoni. Kule kunyamaza kwako ndiko ninakolala nako. Ukanipa na masharti: nifunge kifua kwa kanga, nisinywe maziwa ya moto, wala uji, wala kitu chochote cha karanga mpaka nikauke. Na nguo yangu hata moja isibaki hapo kwako Sibwesa, asije akainusa akaanza upya. Nikabeba zote, hata kile kitenge cha kumbebea.

Sasa sikia kazi yenyewe niliyoikimbilia. Ni duka la chai, lakini siyo chai unayoijua. Mwenyewe ni Mama Nuru, mfanyabiashara wa hapa Majengo, mama wa ushungi, mkali wa usafi na mwepesi wa kucheka. Chai ya maziwa inatiwa barafu, Mayu! Inawekwa kwenye kikombe cha plastiki, mashine inakifunga mdomo kwa nailoni, halafu mteja anakitoboa kwa mrija mnene. Chini kuna punje nyeusi za kutafuna, wanaziita boba. Unajua ni nini? Muhogo! Wanga wa muhogo unaviringwa na sukari, unachemshwa. Siku ya kwanza nilicheka mpaka Mama Nuru akauliza kama naumwa. Muhogo huohuo tuliokuwa tunaununia kwako, vijana wa hapa wanaupangia foleni na kupiga nao picha. Maziwa nayo ni ya unga, ya kukoroga. Wewe unayemjua ng'ombe kwa harufu ya maziwa yake, ukiyaona utanihurumia.

Wiki iliyopita Mama Nuru alitaka kuongeza vinywaji vipya. Mchana mmoja mvua ilikuwa inapiga bati, wateja hakuna, akatukalisha mimi na mwenzangu Tatu, binti aliyekulia Dar, akapanga vikombe mezani. "Onjeni mniambie ukweli," akasema. "Nataka cha kuuza Mpanda, sitaki cha kuringia."

Tukaanza na cha kijani, cha unga wa majani mabichi ya chai. Tatu akafumba macho. "Hii ndiyo habari ya mjini," akasema. Mimi nikaonja. "Mama Nuru," nikasema, "hii ng'ombe wa baba wangeipenda." Mama Nuru akacheka mpaka ushungi ukamteleza.

"Wewe Msukuma, kila kitu ng'ombe!" Tatu akaniambia.

"Na wewe kila kitu Dar. Kunywa majani yako."

Cha chokoleti kilikuwa kitamu lakini kinaganda kwenye ulimi. Cha tangawizi na barafu, nikasema hiki ni chai ya msibani iliyosahauliwa nje. Tulikuwa tunacheka kweli, Mayu, sikufichi. Hilo nalo linanichoma, kwamba nilikuwa nacheka.

Cha mwisho kilikuwa cha moto. Chai ya maziwa na karanga, zimekaangwa zikasagwa laini, Mama Nuru ameitunga mwenyewe. Nilipoinua kikombe tu, harufu ikanirudisha jikoni kwako. Ule uji wa karanga ulionipikia nilipojifungua, ukasimama mlangoni na mwiko kama askari: "Kunywa, unawanywea watu wawili." Nikanywa. Tuliambiwa kuonja, mimi nikamaliza, nikaomba kingine. Masharti yako nilikuwa nimeanza kuyavunja tangu siku za mwanzo kazini, kidogo kidogo, nikijiambia kuonja siyo kunywa. Siku hiyo sikujiambia kitu.

Ndipo mama mmoja akaingia kujikinga mvua, mtoto mgongoni. Mtoto akaanza kulia. Siyo kilio cha maumivu, kile cha kutafuta tu. Mayu, kifua kikanichoma kama sindano nyingi ndogo, na kabla sijasimama gauni lilikuwa limelowa.

"Dada, umejimwagia chai," Tatu akasema.

Nikasema ndiyo, nimejimwagia. Mama Nuru akaniangalia. "Chai haimwagiki pande mbili sawasawa," akasema. "Mtoto yuko wapi?"

"Kwa bibi yake, Sibwesa."

"Mkubwa?"

"Ndiyo kwanza ameanza kutembea."

Akaweka kikombe chake mezani. Halafu akauliza, "Nani alikwambia hapa mtoto haletwi?"

"Hakuna aliyeniambia. Niliona duka linang'aa, nikajua."

"Ukajua!" akasema. "Mimi Nuru wangu nilimlea kwenye boksi la sabuni chini ya mizani, wateja wanapimiwa sukari juu, yeye amelala chini. Ungeuliza, mwanangu."

Ungeuliza. Mayu, neno hilo dogo haliniachi. Sikuuliza. Nilimtoa mtoto kwenye ziwa kwa ajili ya katazo ambalo hakuna mtu aliyelitamka. Na chai ile ya karanga ndiyo imechaguliwa, watu wanaipenda mno. Kila ninapoikoroga najifunga kanga zaidi.

Sasa nakuja kwenye lenyewe. Nimefikiri, na Baba Mabula tumeongea. Sitaweza kumwacha mpaka aanze shule. Nakuomba usikasirike, na ukikasirika nitasema ni haki yako. Holo aliniambia kwenye simu kwamba Mabula anakufuata zizini asubuhi, anashika mkia wa ndama na wewe unacheka peke yako. Najua nyumba yako ilikuwa kimya kabla yake. Nilikuletea mtoto anayelia, ukambembeleza mpaka machozi yake yote yakaisha mikononi mwako, na sasa yamebaki macheko ndiyo nakuja kuyachukua. Sijui mtoto gani mwema anamfanyia mama yake hivyo. Lakini nitakuja, barabara ikipitika tu.

Sitamnyonyesha. Ulisema ziwa lililoachwa limechacha, litamwumiza tumbo, nami sibishani tena na wewe. Kuonja nimemwachia Tatu, amefurahi kama amepewa duka. Nataka kumbeba tu, na aamke anione. Na kama Baba atakuruhusu, njoo naye, ukae mpaka atuzoee. Chumba ni kimoja lakini tutapanga. Nitakuonjesha ile ya kijani, nataka nione utasema nini mbele ya Tatu.

Msalimie Baba sana, mwambie dawa ya kikohozi imo kwenye mfuko. Baba mdogo naye msalimie, hiyo salamu anaruhusiwa kuiweka spika. Bibi mzaa baba mwambie ule ugoro wake nimeukumbuka, utakuja na mimi. Shangazi aliyenisindikiza hadi barabarani siku ile na kunikataza nisigeuke nyuma, mwambie niligeuka. Na jirani yetu mama Shija, aliyekuwa anamletea Mabula mayai, Mungu amzidishie kuku.

Jambo la mwisho, Mayu. Dereva wa lori aliyekuletea barua hii amekupa na mfuko. Ukitoa dawa, chini utakuta kitenge cha kumbebea Mabula. Nimekivaa siku zote hizi na sijakifua. Kina harufu ya chai, ya karanga, na yangu. Najua masharti, na najua ninakuomba uyavunje baada ya mimi kuyavunja yangu. Mlaze juu yake usiku mmoja tu. Akilala kimya, nitakuja taratibu kama mgeni, nikae mbali, nimngoje mwenyewe asogee. Lakini akikinusa akalia, nakuomba sana, usimnyamazishe haraka.

Mimi mwanao,
Limi, mama Mabula