Mbawakawa Aliyechorewa Macho

Matsuyama, 3 Aprili

Baba mpendwa,

Maua ya mcheri huku yameshapukutika. Kifua chako kinaendeleaje? Mimi mzima, ila nimechoka kugombana na watu.

Ndani ya kichupa hiki nilichokiziba kwa nta yumo mbawakawa niliyemwokota kwenye pango la mlima wetu. Ni mdogo kuliko punje ya mchele na hajulikani popote. Kampuni inataka kuulipua mlima ichimbe chokaa. Kikao cha mkoa ni Juni. Nikiwa na mchoro nitawafunga midomo. Sina mdudu mwingine, na mkono wangu una haraka mno kwa kazi ya kuchora kwa nukta. Nichoree.

Mwanao, Mitsue

Uwa, 18 Mei

Mwanangu,

Kifua kimetulia, magoti ndiyo yanayonisumbua. Bibi Orie muuza tofu amenisomea barua yako, miwani sijui nimeiweka wapi. Anasema unaandika kama mtu anayepigana ngumi. Nikamwambia umemrithi mama yako.

Mchoro huu hapa, nukta moja moja kama zamani. Kawanyamazishe.

Baba yako

Matsuyama, 22 Mei

Baba,

Natumai hujambo. Mimi nina hasira.

Umemchorea macho. Mdudu huyu hana macho, Baba. Ukoo wake umeishi gizani hadi yakapotea, na hoja yangu nzima imesimama hapo. Wakili wa kampuni atasema ni mdudu wa bustani yoyote. Ulikuwa ukinigonga vidole kwa rula: "Chora unachokiona, siyo unachokijua." Leo wewe? Yakwangue kwa wembe, unirudishie upesi.

Mitsue

Uwa, 5 Juni

Mwanangu,

Mvua haikatiki, nguo hazikauki. Wewe unakula?

Nimekwangua. Punguza ukali, Bibi Orie anaona haya kusoma.

Baba yako

Matsuyama, 9 Juni

Baba yangu,

Karatasi imefika na matundu mawili. Nimeishika dirishani, mwanga ukapita pale macho yalipokuwa. Nikazitoa barua zako, nikaona mistari inavyopandana. Tangu lini huoni, Baba? Mbona hukusema?

Kikao ni kesho kutwa. Nitakwenda mikono mitupu. Kisha nakuja. Nitachungulia hadubini mimi, wewe uniongoze mkono.

Mwanao, Mitsue

Uwa, 13 Agosti

Baba,

Leo ni sikukuu ya kuwapokea marehemu wetu wanaorudi nyumbani. Nimewasha taa mlangoni, na barua hii naiweka mbele ya picha yako na ya Mama. Juni nilipofika nilimkuta Bibi Orie amekaa na mwili wako. Mlima wameupata. Sikukuu ikiisha wataendelea kulipua.

Leo nimefungua droo yako ya kalamu. Kichupa kimo, kimeviringishwa leso, na nta yangu haijaguswa. Hukumfungua kabisa. Ulichora kwa kumbukumbu ya mbawakawa wengine.

Ungesema, ningetafuta mchoraji mwingine, pengine tungewashinda. Nimekukasirikia sana, Baba. Halafu namtazama: miguu sita, vipapasio viwili, hata unywele haujakatika. Uliogopa kumvunja, na sasa pango lake halipo.

Nimekaa kwenye kiti chako. Nimeanza kumchora kichwa, polepole. Pa macho nimepaacha peupe.

Mwanao, Mitsue