Wastani wa Breki

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa, maana barua hii ina uzito. Natumai michubuko imepona na usingizi umeanza kukurudia. Mimi mwili ni mzima. Mama naye hajambo, ila magoti yanamsumbua asubuhi, na kila tukipakua chakula bado anatoa sahani yako, kisha anairudisha kabatini. Mjomba ameniambia kwamba unapakia magunia kinuni kwake, na kwamba alipokupa ufunguo wa gari lake ulikataa hata kuushika. Nimekaa na habari hiyo wiki nzima.

Nianze na ya bima, najua unaisubiri. Miaka sita nimelilipia bima lile gari la viti, sijachelewa hata siku moja. Unajua nilikotoka: viti kumi na viwili vya plastiki, nikivibeba kichwani vinne vinne kuvikodisha kwenye shughuli za watu. Leo viko mia sita na arobaini, na hakuna aliyenishika mkono. Siku ninayohitaji wao wanishike, wananiambia stika ya ukaguzi kwenye kioo ilikuwa imekwisha muda siku tisa kabla ya ajali. Siku tisa! Niliwauliza kama breki husoma kalenda. Karani wa madai, mwenye tai fupi kama ulimi, akanijibu kwa upole ulionikera kuliko tusi, kwamba gari lisilokaguliwa ni gari ambalo hakuna awezaye kuapa kuwa lilikuwa zima.

Kwa hiyo gari hawatalitengeneza, na chochote watakachomlipa yule fundi viatu kwa mguu wake uliovunjika na kibanda chake ambacho gari lilikibomoa watakuja kukidai kwangu. Lakini karani aliniachia upenyo mmoja. Alisema nikileta maelezo ya dereva, yenye sahihi yake, kwamba gari halikuwa na tatizo na kosa lilikuwa lake mwenyewe, ile stika wataihesabu kuwa uzembe wa makaratasi tu, na huenda wakalipa. Ndiyo ile fomu niliyokutumia kwa mkono wa shangazi Jumatatu iliyopita. Nilikuandikia kwamba ni fomu ya kawaida, weka sahihi penye alama nyekundu, usijisumbue kuisoma.

Kama hujaitia sahihi, usiitie. Kama umeshaitia, ichane kabla hujaendelea kusoma.

Jana nilikwenda kumjulia hali fundi viatu. Nilimkuta mlangoni kwake, mguu wenye plasta kaulaza juu ya kreti la soda, anashona soli ya mtu. Akanitania kwamba miaka ishirini na mbili amehangaika na viatu jozi kwa jozi, kumbe kimoja kinatosha. Nikacheka. Akaniagizia chai, akauliza habari zako. Akasema ulimpigia honi tangu mbali, na alikuona kwa macho yake ukipigana na usukani, unauvuta kulia, gari linakukatalia, linakwenda kushoto kama limeitwa. Akasema hukuwa unakimbia. Ungekuwa unakimbia, asingekuwepo wa kunitania.

Ile chai sikuimaliza.

Maana ndivyo ulivyosema wewe, siku ile sebuleni, mbele ya Mama, mjomba na yule mpimaji wa hasara aliyetumwa na bima: nilikanyaga breki, gari likavuta kushoto. Nami nikakukata kauli. Nikasema kila dereva akigonga, cha kwanza kutajwa ni breki. Nikasema ulikuwa unakimbia. Wewe, ambaye wapakiaji wanakuita Kobe! Wewe, ambaye kwa miaka minne hujanivunjia kiti hata kimoja. Ulinitazama, ukaweka ufunguo mezani, taratibu, juu ya kitambaa ili usikwaruze meza yangu. Sikuinua macho.

Sasa nisikilize. Ukaguzi sikuusahau. Nilikwenda, siku tano kabla stika haijaisha, ile siku niliyokwambia napeleka gari kuoshwa. Mkaguzi alilipandisha kwenye mashine, akanipa karatasi. Breki za mbele: gurudumu la kushoto sitini na nane kwa mia, la kulia thelathini na nne. Kiwango cha kupita ni hamsini kwa kila gurudumu. Akaandika kwamba halikupita, akanipa siku kumi na nne nitengeneze breki ya kulia na kurudi, na akanionya nisilipakie mzigo mpaka hapo. Mimi nilikuwa na shughuli saba nimeshazipokea. Nikakaa ndani ya gari pale pale uwanjani, nikatoa kalamu. Sitini na nane na thelathini na nne ni mia moja na mbili. Gawa kwa mbili, hamsini na moja. Nikajiambia limepita, tena na moja ya ziada. Niliiandika pembeni ya karatasi, nikaipigia mstari. Mimi, ninayejisifu kwa hesabu! Kana kwamba gari husimama kwa wastani.

Siku tano na siku tisa ni kumi na nne. Uligonga siku ya mwisho niliyopewa, ukiwa na viti mia mbili mgongoni na hujui lolote. Na uliposema kushoto, mdogo wangu, nilijua kabla hujafunga mdomo. Katika sebule ile nzima ni mimi peke yangu niliyejua kwamba unasema kweli, na ni mimi niliyekuita mwongo.

Leo asubuhi nimempelekea karani karatasi yenyewe. Akaisoma, akauliza ile hamsini na moja ni mwandiko wa nani. Nikasema wangu. Akaniuliza kama naelewa kwamba hapo madai yamekwisha. Nikamwambia naelewa, na kwamba aandike pia dereva hakuwa na kosa. Viti mia tatu vimepata mnunuzi. Mguu wa fundi viatu na kibanda chake ni juu yangu.

Mama nimemweleza yote jikoni. Hakunigombeza. Alitoa sahani mbili kabatini, yako na yangu, akairudisha yangu.

Nakala ya karatasi ya mkaguzi nimeikunja humu ndani. Siombi msamaha kwa barua. Siku ukiona nafaa kuja kuuomba ana kwa ana, niambie, nitakuja kwa miguu. Nisalimie mjomba na wote wa kinuni. Msomee mjomba barua hii kwa sauti, pamoja na ile hamsini na moja, maana nilikuchafua mbele yake. Akikupa tena ufunguo, upokee.

Ni mimi,
dada yako.