Wimbo wa Magogo Klabuni

Jumatano, 8 Juni 1955
Bwana Shingo, mwalimu wa raga klabuni, amepelekwa hospitali Nairobi. Shingo ile ile aliyovunja zamani akicheza raga mstari wa mbele. Tangu hapo akitaka kukutazama anageuza mwili wote kama kabati — na bado amewafundisha wazungu wa klabu miaka saba. Kaacha neno: mpaka arudi, wale wanane wa mbele, wa kusukumana vichwa chini, awafundishe Murunga.

Murunga wangu, mjukuu niliyemlea kwa uji. Miaka minne vibarua wa shamba wanawekwa pale wazungu wajifunzie kusukuma, na yeye ndiye wa mbele katikati. Mechi hajacheza hata moja. Sikio limeumuka kama andazi.

Nimemwambia akatae. Akacheka. "Kukhu, bibi yangu, nimepewa wazungu niwainamishe, nikatae?"

Ijumaa, 10 Juni
Nilikwenda kuchukua jezi za kufua. Niliwasikia kabla sijawaona. Wazungu wanane, vichwa chini, wanaimba wimbo wetu wa Kibukusu wa kuvutia magogo. Mimi ndiye niliyemfundisha Murunga. Murunga anaanzisha, wao wanaitikia, neno la mwisho wote wanasukuma. Vibarua walirudishwa mpaka kwenye ua.

Matamshi mabaya ajabu. Nilicheka. Halafu nikatazama nyuma, nione nani mwingine anasikia.

Jumatatu, 13 Juni
Elphas, mpishi wa klabu, katoka Eldoret na baiskeli kuniambia. Kaburu mmoja, baba wa kijana mmoja wa wale wanane, mwenye nywele nyekundu, kauliza mezani: mtu mweusi anawaimbisha watoto wetu lugha tusiyoijua, na hii hali ya hatari, mnajuaje si kiapo cha wale wa msituni? Wenzake walicheka. Bwana wa polisi hakucheka.

"Mama, mwambie atumie filimbi."

Nimemwambia. Eti filimbi haisukumi mtu. Nimempiga na mwiko, halafu nikampakulia nyama yote.

Alhamisi, 16 Juni
Amekatazwa wimbo. Akiimba tena tunafukuzwa shambani sote, na hiyo ni tukiwa na bahati. Wengine wamefungwa kizuizini kwa kidogo kuliko hicho.

Anawafundisha kwa kuhesabu. Kasema wanavutana kama maksai wasiojuana.

Jumamosi, 18 Juni
Niko nje ya klabu, nimekalia beseni. Naandika huku nikingoja — darasa la ubatizo lilinipa herufi, leo zinanifaa.

Walicheza na Kitale. Murunga alikaa kando ya stoo, mdomo kafunga. Walisukumwa kipindi cha kwanza chote. Halafu wakainama karibu na mstari wa goli lao, na yule mwekundu akaanzisha wimbo. Yeye mwenyewe. Saba wakaitikia. Kitale wakarudi nyuma, nyuma, wakaanguka.

Watu wote wakageuka kumtafuta Murunga kwa macho.

Bwana wa polisi amemwita ndani. Tangu saa kumi.

Sasa hivi mwekundu ametoka, tope mpaka kwenye nyusi. "Mama, wimbo unasema nini? Wananiuliza, na mimi sijui."

Nimemwambia kweli tupu. Unasema gogo ni zito, wewe wa mbele usiniachilie. Kayarudia maneno mara mbili, polepole, yasimpotee. Kaingia.

Mlango umefungwa tena. Sauti ya yule Kaburu baba yake naisikia. Ya Murunga siisikii.