Kapi la Tanga la Mbele

Jumamosi, 3 Mei
Tanga la mbele la boti ya Daktari limekwama tena. Tena! Baba watoto kapiga simu, atachelewa, rola ya kukunjia tanga haizunguki. Rola hiyo niliifunga mimi, kwa mikono hii — inaoshwa kwa maji yasiyo na chumvi, basi, haina makuu. Mbona kwa wateja wengine haikwami? Karudi ananukia kahawa, anachekacheka peke yake. Nikauliza nani kamvuta juu ya mlingoti. Daktari mwenyewe, yule mwanamama. Eti anajifunza kuzungusha winchi ya kuvutia kamba. Daktari wa meno!

Jumatatu, 5 Mei
Wifi yangu, huku anashona tanga karakanani, kasema wivu utanikausha, kaka yake si mtu wa hivyo. Kaka yake kanunua manukato. Ya kupandia mlingoti?

Jumatano, 7 Mei
Baba watoto katumwa boti nyingine. Nikamburuta wifi hadi kwenye boti ya Daktari — mwenyewe hayupo, afadhali. Wifi akanivuta juu ya mlingoti kwenye kiti cha turubai cha kupandia, analalamikia mgongo wake njia nzima.

Kule juu nikaona. Henza, kamba ya kupandishia tanga, imejisokota kwenye waya wa mbele, ndiyo maana rola haizunguki. Lazima ijisokote! Kuna kapi dogo la kuiweka mbali na waya. Halipo. Wala halikudondoka: skrubu zimerudishwa kwenye matundu yake, zimekazwa, zimefutwa hadi zinang'aa. Namjua mtu mmoja tu anayefuta skrubu.

Nikamwambia wifi sijaona kitu.

Ijumaa, 9 Mei
Mfukoni mwa suruali ya Baba watoto. Ile anayoipiga pasi kwa ajili ya Jumamosi. Kapi limo, limeviringishwa kitambaa safi. Kumbe! Kila wiki anaisokotoa henza, anapongezwa, anaiacha ijisokote upya ili aitwe tena. Na bawaba ya mlango wa jikoni kwangu mwaka mzima hana nafasi nayo! Nimelia. Halafu nimekula chakula chake chote.

Jumamosi, 10 Mei
Daktari kapiga simu, rola imekwama. Nikasema leo winchi nashika mimi. Baba watoto akasema nisijisumbue.

Naandika nimekaa kwenye deki ya boti. Yeye yuko juu kabisa. Kamba nimeifunga vizuri, mimi si muuaji. Nimemwonyesha kapi. Anasema nimshushe kwanza, tutaongea nyumbani. Kwa nini nyumbani? Hapa kuna hewa. Sasa anaapa kwamba anapenda tu kukaa kule juu, kunatulia. Basi atulie!

Daktari katoka chumba cha chini ya deki na vikombe viwili vya kahawa. Hakujua kama nipo. Kaliona kapi kiganjani mwangu. Katazama juu. Hakuuliza ni kitu gani.

Kumbe Daktari naye alikuwa analijua!