Sola za Kijiji Kwenye Paa la Mtu

Kijiji cha Ilimbwa,
Kwa mkono wa Parokia,
Sumbawanga.

14 Juni 1998

Mpendwa mdogo wangu Victor,

Kwanza nataka kujua mnaendeleaje, wewe, wifi yangu Mary na watoto, huko kwenye joto la Tanga. Je, kifua cha yule mdogo kimepona? Mwaka jana uliandika kwamba anakohoa kila mawio, na tangu hapo hujanieleza tena. Sisi huku ni wazima wa mwili. Baridi ya mwaka huu ni kali, asubuhi mtu hatoki bila blanketi. Mahindi tumevuna nusu, mengine mvua zile kubwa ziliyaozesha yakiwa shambani. Ulezi umekubali, namshukuru Mungu.

Barua yako ya mwezi wa tano niliipata. Niliisoma nimesimama pale pale parokiani, kisha nikaiweka chini ya godoro wiki mbili nisije nikakujibu kwa hasira. Hasira haikupoa. Basi nakujibu nayo hivyo hivyo.

Unaniambia nimrudishe wifi yangu Otilia kwa mumewe, nimwombe kaka Baltazari msamaha mbele ya wazee, na niache kuivua nguo familia. Umeandika kwamba haya yote ni "ugomvi wa betri". Victor, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni mama alipokuwa akilima. Hukustahili kunihukumu kwa kusikia upande mmoja. Sasa sikia na wa pili.

Umesikia habari za kile kituo cha kuchaji betri, kilichoanzishwa na serikali mwaka tisini na tatu, wewe ukiwa umeshaondoka. Serikali ilileta sola nane, nyaya na fundi. Nyumba tuliijenga sisi. Tofali tulifyatua wanawake na wanaume, maji tukichota mtoni. Masanja, yule Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake upande wa bonde, alisomba mchanga kwa mkokoteni siku tisa na hakudai hata kikombe cha togwa. Mimi nilichaguliwa nikapelekwa Mbeya mwezi mzima kusomea kazi ya kuchaji. Nilirudi najua kupima maji ya betri, najua betri iliyochoka na iliyokufa. Asidi imenitoboa vitenge vitatu, na alama ninazo mikononi hadi leo.

Watu walileta betri zao za redio na za taa. Madereva wa malori ya mahindi yanayokwenda Kasanga wakikwama kwa betri walizibeba begani hadi kwangu. Lakini iliyotangulia zote ilikuwa betri ya zahanati. Kila Ijumaa niliichaji mwenyewe, kwa sababu ndiyo iliyoendesha redio ya upepo, ile ambayo nesi wetu Emerensiana anaitumia kuita gari la wagonjwa kutoka mjini. Unajua hatuna simu. Redio ile ndiyo mdomo wetu.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja, watu wote wakiwa mashambani wanapanda, kaka alikuja kituoni na mfanyabiashara mmoja wa mjini anayeitwa Dominiko, mwenye nyumba ya wageni na ukumbi wa video. Wakati ule kaka ndiye alikuwa mwenyekiti wa kijiji, kwa hiyo sikushangaa kumwona. Nyuma yao lilikuja lori. Kaka akaniambia serikali imejitoa katika biashara, sasa ni wakati wa soko huria, na kijiji kimempa Dominiko kituo akiendeshe kisasa. Sola zinakwenda mjini kufanyiwa matengenezo, zitarudi baada ya wiki mbili.

Nikamwuliza, "Mkutano wa kijiji umekaa lini?"

"Halmashauri ya kijiji imekaa," akasema. "Toa ufunguo, Cornelia. Usinitie aibu mbele ya mgeni."

Nikautoa.

Nimeandika neno hilo peke yake ili ulione vizuri. Nilikuwa najua kwamba sola hazina injini, kwamba hakuna matengenezo ya kuzipeleka mjini. Nilifundishwa hivyo Mbeya. Lakini kaka mkubwa alikuwa ameninyooshea mkono, na mimi nimelelewa kama wewe ulivyolelewa. Nilishika hata ngazi wakati vijana wa Dominiko wakizifungua.

Wiki mbili zikawa miezi. Krismasi nilikwenda mjini kununua chumvi, nikaziona. Zilikuwa juu ya paa la ukumbi wa video, zote nane, na moja ilikuwa na alama ya rangi nyekundu niliyoipaka mwenyewe. Ndani watu walikuwa wakipiga makofi kwa sinema. Nilirudi nikamwambia kaka. Akanijibu nisubiri, mambo ya wawekezaji yana taratibu zake. Betri ya zahanati ilikuwa imeshalala. Emerensiana alijaribu kuituma mjini kwa magari ya mizigo, lakini barabara zilipokatika kwa mvua hakuna gari lililopita.

Tarehe kumi na mbili mwezi wa pili, Kabula, mke wa Masanja, alishikwa na uchungu. Ilikuwa mimba yake ya tatu. Walifika zahanati saa mbili asubuhi. Saa nne Emerensiana akaona mtoto amekaa vibaya na kazi hiyo si ya zahanati. Akaingia chumba cha redio akabonyeza. Kimya. Mimi nilikuwapo, nilikuwa nimewapelekea uji. Nilimwona akibonyeza na kubonyeza, kisha akanigeukia na kuniuliza kwa upole tu, "Mama Felisiani, hakuna namna?" Mimi mtu wa betri nikatoka nje kumwita Masanja.

Masanja alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni. Tulimlaza Kabula juu ya nyasi, tukatembea kando yake hadi barabara kuu, matope yakifika magotini, na magurudumu tukayanyanyua kwa mikono mara nyingi sijui ngapi. Hakulia. Alikuwa ameng'ata upande wa khanga yangu. Barabarani tulingoja hadi saa tisa ndipo likatokea trekta lenye tela. Hospitali tulifika jioni. Daktari alimwokoa Kabula. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshakufa. Na Kabula ameambiwa hatazaa tena.

Huo ndio ugomvi wa betri, Victor.

Sasa nikueleze habari ya Otilia, maana umeambiwa nimemvunjia kaka nyumba. Baada ya mazishi ya mtoto, Otilia alikuja kwangu mchana kweupe, ameficha karatasi ndani ya kitenge. Ilikuwa barua kutoka wilayani, ya mwezi wa tisa mwaka jana. Ilisema wazi kwamba serikali haitaendelea kuviendesha vituo, kwamba mkutano mkuu wa kijiji ndio utakaoamua nani aendeshe, na kwamba vifaa vyote ni mali ya kijiji, havitahamishwa. Chini imeandikwa: Nakala, mhudumu wa kituo. Mhudumu ni mimi. Nakala yangu ilikaa miezi mitano chini ya sanduku la kaka.

Nilimwuliza Otilia kwa nini ananipa. Akasema, "Nimeishi naye miaka ishirini na sita nikinyamaza. Kabula alipopita kwenye mkokoteni nilikuwa mlangoni. Nikaona ninyamaze mpaka lini."

Jumapili baada ya misa, watu wakiwa bado nje ya kanisa, nilipanda kwenye ngazi za mlango wa kanisa nikaisoma barua ile yote. Kaka akaniambia nishuke, na kwamba mwanamke wa ukoo wetu hasomi barua za serikali hadharani. Nikamjibu, "Nakala ni yangu, kaka. Jina la kazi yangu limo." Ndipo watu wakaitisha mkutano wa kijiji pale pale. Kaka alisema Dominiko ameahidi kuezeka ofisi ya kijiji kwa bati. Mtu akamwuliza bati ziko wapi. Walimwondoa kwenye uenyekiti kwa kunyoosha mikono, na wa kwetu wa ukoo walionyoosha ni wengi kuliko unavyodhani.

Jioni ile ile alimfukuza Otilia. Alimtupia nguo nje na kumwambia aende akale barua. Amekuja kwangu na yuko hapa hadi leo. Sikumwita wala sikumfunga kamba. Mtu mzima amefukuzwa, akatafuta mlango ulio wazi.

Tulikwenda mjini watu thelathini na mbili, Masanja mbele. Wilayani walitusikiliza, wakatupa ofisa mmoja na polisi wawili. Dominiko alisema alizinunua. Akaonyesha karatasi yenye sahihi ya kaka. Ofisa aliisoma, akamwambia hakuna mtu anayeuza kisicho chake. Zilishushwa mchana ule ule. Sita ni nzima, mbili zimepasuka. Tulizifunga kwa blanketi zetu ndani ya mikokoteni, na mimi nilitembea nikishika moja kama mtu anayeshika mtoto mgonjwa.

Tangu mwezi wa nne kituo kinafanya kazi. Tunachaji betri chache kuliko zamani, lakini ya zahanati ndiyo ya kwanza. Kijiji kimechagua kamati, na ufunguo ninao mimi. Atakayeutaka tena aje na mkutano mzima.

Nilikwenda kwa Kabula kumweleza kwamba mimi ndiye niliyeutoa ufunguo. Sikutaka asikie kwa wengine. Alikuwa akipepeta mtama. Aliweka ungo chini, akaniambia, "Nilijua. Lakini wewe umekuja." Kisha akanionyesha njia inayopita mbele ya mlango wake kwenda shamba la kaka. Imeota majani. Kaka anazungukia kilimani, mwendo mara mbili, ili asipite pale. Miezi minne, Victor, hajampa pole hata kwa kumtuma mtu.

Sasa niambie nimwombe msamaha wa lipi. Kama unataka kupatanisha, usinianze mimi. Mwandikie yeye. Mwambie asimame mlangoni kwa Kabula na Masanja, avue kofia, aseme alichofanya. Siku hiyo nitachinja kuku na kumpikia kwa mikono yangu, maana bado ni kaka yangu na moyo unaniuma. Otilia akitaka kurudi, atarudi kwa miguu yake. Asipotaka, nyumba yangu ina vyumba viwili.

Nawe ukija Desemba kama ulivyoahidi, shuka kwanza kwa Masanja. Ukipitia kwa kaka kabla ya hapo, nitakupokea kwa sababu wewe ni damu yangu, lakini nitajua umechagua.

Felisiani mwanangu anakuamkia, shikamoo mjomba. Otilia anakusalimu, anasema wewe ulikuwa mtu wa haki tangu utotoni na yeye hajabadili mawazo. Nisalimie wifi Mary, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Mungu aliyemwacha Kabula hai awalinde nyote, na kifua cha mdogo akiponye kabisa.

Nimekukasirikia, na bado nakupenda.

Ni mimi dada yako,
Cornelia